Kukunja Ndege kwa Vidole Visivyosikia

Kama umetoka hopitali leo na plaketi ya kwanza ya vidonge, ukaificha chini ya vitunguu ndani ya kikapu ili jirani asiione, ninakuandikia wewe. Mimi si mtu wa kuandika. Niliishia mwaka wa pili wa sekondari, na hata sasa sijui kama haya yanafaa kusomwa. Tena ninaandika na hasira. Waliniambia ningoje ipoe kwanza. Nimengoja, haikupoa, na nikaona nikiendelea kungoja kuna mtu atakaa kwenye benchi la hopitali akidhani yuko peke yake.

Kitabuni ugonjwa huu unaitwa ukoma. Hapa Kisangani tunasema maba, neno la Lingala, na ukilitamka sokoni watu wanavuta miguu yao nyuma kama umemwaga maji machafu. Mambo ya munganga, daktari wa hopitali, nitamwachia mwenyewe. Mimi nitaeleza ya mkono wangu wa kulia.

Nilikuwa ninauza lituma. Ni ndizi za kupika, unazichemsha, unazitwanga, halafu unazifinyanga madonge zikiwa bado na moto, maana zikipoa zinapasuka. Wenzangu walikuwa wanachovya mikono kwenye maji baridi kwa kila donge. Mimi, sijui tangu lini, niliacha kuchovya. Madereva wa malori ya barabara ya Bafwasende walikuwa wanasimama kunitazama.

"Mama Neema, mikono yako iko chuma," mmoja wao alikuwa anasema kila akipita. "Mukuje muone, moto haimujue huyu mama."

Nami nilijivuna. Hilo linanichoma hadi leo: watu walisifu ugonjwa wangu, na mimi nikajibu asante. Haki ni haki, hawakujua. Lakini mabaka yalikuwa mgongoni kwangu muda mrefu, na yule mtu wa duka la dawa aliniuzia pomadi ya ukungu wa ngozi tena na tena bila hata kuniambia nigeuke ayaone kwenye mwanga. Huyo nimejaribu kumsamehe. Bado.

Siku ya kujua ilikuwa siku ya harufu. Nilikuwa ninapiga hadithi na mteja, tukasikia harufu ya nyama ya kuchoma, nikadhani ni mbuzi wa jirani. Neema, binti yangu mkubwa, alikuwa ananisaidia kuosha masufuria.

"Mama," akasema, "iko nyama ya nani inaungua?" Halafu akageuka kutazama jiko. Halafu akasema polepole, "Mama. Iko kidole yako."

Kidole changu cha mwisho kilikuwa kimelala kwenye ukingo wa jiko la makaa, kimetulia, kama kimesinzia.

Hopitalini tulikaa kwenye benchi la ukutani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinigawia karanga zake, tukazungumza juu ya bei ya mafuta ya mawese na juu ya waume wanaosafiri. Wangu anafanya biashara ya samaki wa moshi, anashuka na boti hadi Basoko kwa ndugu zake, anarudi baada ya majuma. Tulikuwa tunacheka vizuri. Halafu infirmiye, yaani muuguzi, akatoka mlangoni na kusema kwa sauti ya kuita kuku:

"Batu ya maba, huku. Batu ya maba, mukuje upande huu."

Nikasimama. Yule mama akamshika mtoto wake na kusogea hadi mwisho wa benchi. Karanga zake zilibaki mkononi mwangu. Sikujua nizirudishe, nizile, au nizitupe. Niliingia nazo kwa munganga, nikawa ninajibu maswali nimekunja ngumi ya karanga.

Nitasema na upande wa infirmiye. Nilikuja kuona baadaye kwamba aliita kila mtu hivyo, wa kikohozi na wa tumbo, na kwamba tangu asubuhi hakuwa amekaa wala kunywa maji. Hakuwa mtu mbaya. Lakini nilitamani siku moja mtu asimame mlangoni amwite yeye hivyo.

Plaketi moja ni dawa ya mwezi mmoja, na ya kwanza ilinifanya nikojoe nyekundu. Usiogope, ni dawa inapita. Kufika ya tatu ngozi yangu ilikuwa imegeuka rangi, nyeusi ya kuiva vibaya, kama ndizi iliyokaa juani, na kwenye soko mteja aliniuliza kama nimeanza kujipaka kitu. Kuhusu hilo hakuna aliyeniandaa. Walisema "ngozi itabadilika kidogo." Kidogo ni neno la mtu ambaye ngozi si yake.

Infirmiye alisema mbele ya mume wangu, kabla hajasafiri, kwamba nikishaanza dawa siambukizi mtu. Mume wangu aliitika. Halafu akahamia kulala kwenye kiti kirefu sebuleni, akasema ni mgongo.

Kwenye parseli yetu, kiwanja chetu, anakaa pia dada yake, Georgine. Watoto wanamwita tantine, shangazi. Siku ya kwanza nilipokaa na watoto kula, alinisogezea sahani ya bati, akaiweka kando.

"Hii iko yako," akasema.

"Infirmiye alisema hakuna shida, Georgine."

"Infirmiye hakulaka hapa."

Nikaivuta ile sahani, nikala. Lakini lazima niandike na hili: kidonda cha kidole changu, yule aliyekiosha kila asubuhi kwa maji ya chumvi ni Georgine huyo huyo. Mume wangu alishindwa hata kukitazama. Georgine alikuwa anaosha, anageuza uso pembeni, anaomba kwa sauti ndogo, na hakukosa siku. Nikitaka kumchukia moja kwa moja ninakumbuka hayo, na chuki inapinda njiani. Ni kazi ngumu kumchukia mtu kwa haki.

Mvua kubwa zilipoanza, karibu na plaketi ya tano, mkono ulianza kuuma ndani ya kiwiko, halafu vidole viwili vya mwisho vikaanza kujikunja vyenyewe. Nilikuwa ninavinyoosha kwa mkono wa kushoto, vinarudi. Wakanipa vidonge vingine vidogo vyeupe, vilivyonivimbisha uso hadi watoto wakacheka, na wakanipeleka kwa kiné, mtu wa kufundisha viungo. Kiné huyo ni msichana, tulikuwa tunamwita mamzeli Rachel. Alinishika kidole kimoja kimoja.

"Mushipa haijakufa," akasema. "Imelala. Tukiiamusha sasa, pengine itaamuka. Tukichelewa, mukono itabaki hivi, kama ya kuku." Akaonyesha kwa mkono wake mwenyewe. "Nyumbani utafanya kazi ya vidole. Chukua karatasi, ukunje ndege. Kila siku. Ukikuja tena uniletee."

Alikuwa anazungumza amesimama, wagonjwa wengine wanamvuta. Nikasema ndiyo.

Nikaenda nyumbani nikakunja ndege. Neema alinipa kurasa za kalenda ya mwaka uliopita. Kila mtoto wa hapa anajua kuunda ndege ya karatasi: unakunja katikati, unashusha pembe mbili, unakunja mabawa, unarusha. Nilikunja asubuhi, nikakunja mchana nikitoka sokoni. Nilizipanga juu ya kabati kwa mstari, Januari, Februari, Machi. Exaucé, mtoto wangu mdogo, alizirusha uani. Nilijiona nimekuwa mgonjwa mwenye bidii. Siku ya kurudi kwa kiné nilibeba mfuko mzima, na mstari wa kabatini bado ukabaki.

Mamzeli Rachel akaitoa moja, akaigeuza. Akaitoa ya pili.

"Mama Neema, hii iko nini?"

"Ndege."

"Hii iko avion."

"Avion ni ndege."

"Nilikuomba ndege, mama. Ndege. Ndeke. Ile inatagaka mayai."

Chumba kizima kikacheka. Baba mmoja aliyekatwa vidole vya mguu alicheka hadi akashika ukuta. "Mama anataka kuenda Kinshasa bila tiketi," akasema. Hata yeye Rachel alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Akanieleza kwamba avion, ile ndege ya uwanjani, inakunjwa kwa kiganja. Vidole vya mwisho havifanyi kitu, vinapanda bure kama abiria. Ndege aliyetaka yeye ni korongo wa karatasi, mwenye shingo, mkia na mabawa, mkunjo juu ya mkunjo, na kila mkunjo unadai ncha za vidole. Majuma yote yale mkono wangu wa kulia ulikuwa umekaa tu, na mshipa haungoji mtu aelewe.

Nilikasirika hadi masikio yakalia. Nilikasirika naye kwa kusema amesimama, na nafsi yangu kwa kusema ndiyo. Nilikasirika hata na Kiswahili, kwamba kimepewa vitu viwili vinavyoruka kikavipa jina moja. Nikipima vizuri, kosa lilikuwa nusu kwake, nusu kwangu. Alisema pole. Akaketi, kwa mara ya kwanza akaketi, akakata karatasi mraba, akanionyesha.

Ningependa kusema hapo mambo yakawa mazuri. Niliporudi nyumbani nikakuta Georgine amesimama mbele ya kabati, na mchungaji wa chumba chake cha maombi yuko pembeni yake.

Lazima nieleze kwa asiye wa hapa. Kwetu watu wanasema ndoki, yaani mchawi, anasafiri kwa avion yake isiyoonekana na kwenda kula watu. Sasa wewe fikiri. Mwanamke amepata maba, ngozi imegeuka nyeusi, uso umevimba, moto haumuumi, na juu ya kabati lake kuna mstari wa ndege za karatasi, zimeelekezwa zote dirishani.

"Ni ya mazoezi," nikasema. "Kiné aliniambia nikunje ndege. Nilikosea. Alitaka ndege ya kweli, ya manyoya."

"Ya manyoya," mchungaji akarudia, akaandika kitu hewani kwa kidole.

Hawakupiga kelele. Ingekuwa heri wangepiga. Georgine alizikusanya zote kwa fagio, asiziguse, akazichoma nyuma ya nyumba. Juma lililofuata mume wangu alirudi na boti, na Tonton Lokwa, mjomba wake, alikuja naye kutoka Basoko. Georgine alikuwa amewapigia simu. Tukakaa uani, wao kwenye viti, mimi kwenye kigoda.

Tonton hakuwa mkali. Ni mtu wa kutabasamu. Aliniuliza, "Mama, ile ndege ilikuwa ya kuenda wapi?"

"Haikuwa ya kuenda popote, Tonton. Ilikuwa kosa. Kiné alitaka korongo."

"Bon. Utuonyeshe basi huyo korongo."

Neema akanipa karatasi. Nilikuwa nimejifunza siku chache tu. Nilikunja pembetatu, nikakunja tena, nikafika pale mkunjo unapofunguliwa na kuvutwa juu kama mdomo wa samaki. Kidole changu cha nne kilipaswa kushika ukingo. Hakikusikia ukingo uko wapi. Karatasi ikapasuka. Nikaomba nyingine, nayo ikapasuka. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Tonton akatoa uamuzi kwa upole, kama mtu anayegawa peremende. Watoto wote wawili watapanda boti, waende Basoko kwa bibi yao, "mpaka mama atakuwa safi." Boti lingeondoka baada ya mzigo kujaa, na mzigo wakati huo ulikuwa unachukua majuma. Hakusema mimi ni ndoki. Hakuna aliyesema. Ningejua kujibu neno lililosemwa.

Basi nikakunja. Sikukunja kwa matumaini, nisikudanganye. Nilikunja kama mtu anayegombana. Karatasi ya kalenda ilikuwa ngumu, nikapata karatasi nyembamba za kufungia sabuni. Vidole havikusikia mkunjo, kwa hiyo nikawa ninaupitisha kwenye mdomo wa chini kujua kama umenyooka. Mdomo wangu ulikuwa mzima. Rachel aliponiona akasema, "Macho, mama. Macho yako ndiyo vidole sasa. Utazame kila mukunjo mpaka mwisho." Nikaanza kutazama. Niliharibu nyingi. Nyingine zilitoka na shingo bila mkia, nyingine kama chura aliyekanyagwa. Exaucé alizipa majina ya watu wa kanisani. Tulicheka sana siku hiyo, na hicho kicheko ninakiweka hapa kama kitu nilichopewa bure.

Plaketi ya saba ilipoisha, kidole cha nne kilishika ukingo. Kilitetemeka, lakini kilishika. Korongo akatoka mzima, kichwa kimeinama, mabawa mawili sawa.

Nilikimbia naye kwa Tonton, aliyekuwa bado mjini akingojea boti. Akamweka kwenye kiganja, akampuliza.

"Iko muzuri," akasema. "Nani alikusaidia?"

"Hakuna."

"Hm. Siku ile ulishindwa. Leo umeweza." Akanirudishia. "Vitu ya mara moja hivi, mama, ndiyo inaogopeshaka batu."

Nataka usome tena hapo. Niliposhindwa nilikuwa mwongo. Nilipoweza nikawa mchawi. Kama na wewe unafanya mazoezi ili watu wakuamini, acha leo. Fanya kwa ajili ya kidole. Kidole ndicho kisicho na mjomba.

Kabla sijafika mwisho niseme hali yangu ya sasa, usije ukadhani ninaficha. Plaketi zote nilimaliza. Kidole cha nne kimenyooka karibu chote. Cha mwisho bado kimejikunja kidogo na ncha yake haitasikia tena. Ngozi inarudi polepole. Ninauza lituma, ninachovya mikono kwenye maji kila donge, hata lisipokuwa na moto, kwa sababu sitauamini tena mkono usiolalamika. Wateja wengine hawakurudi. Mume wangu amerudi chumbani. Hatujazungumza juu ya kile kiti. Georgine bado anakaa na sisi, na sijui kama siku moja nitamwuliza kwa nini alipiga ile simu.

Sasa nirudi kwenye siku ya boti. Georgine aliwafunga watoto nguo kwenye kitenge kimoja na kuwapeleka kabla sijatoka sokoni. Jirani akaniambia, "Batoto yako iko inaenda." Niliacha lituma juu ya meza, wazi, nzi wakijihudumia.

Kando ya mto kulikuwa kumejaa watu. Boti ni lile la mbao, refu, la motari, limejaa magunia na masufuria na watu juu ya magunia. Neema alikuwa amekaa kwenye ukingo, amemshika Exaucé kwenye shati. Mume wangu alikuwa nyuma na mafundi wa motari. Nikaita, akanisikia, akajifanya hasikii. Motari ikawaka. Kijana wa boti alikuwa anafungua kamba kwenye nguzo.

Nikaishika kamba. Sikupanga. Niliizungusha kwenye mkono wa kulia, kwa sababu ndio uliokuwa karibu, nikakaa chini kwenye matope.

"Mama, achilia," kijana akasema. "Itakukata."

"Bashushe batoto yangu."

Mume wangu akaja mbele. "Mama Neema, achilia kamba. Batu wanatutazama."

"Miye iko na maba," nikasema. Sikulia, nilisema kama mtu anayetaja bei. "Ninakunywa dawa. Infirmiye alikuambia wewe, kwa masikio yako haya, siambukizi mutu. Sema alisema ao hakusema."

"Achilia kwanza."

"Sema kwanza."

Boti likavutwa na maji, kamba ikakaza. Na hapo, kwenye kidole cha nne, upande wa ndani, nikasikia moto. Uliuma. Uliuma vibaya, kama nyuki. Sikuwa nimeumwa na kitu kwenye vidole hivyo kwa zaidi ya mwaka, na nilikaa pale kwenye matope nikisikiliza maumivu yangu kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

"Alisema," mume wangu akasema, chini kabisa.

"Batu hawakusikia."

Kabla hajajibu, mama mmoja aliyekaa juu ya magunia akasimama. Alikuwa na nguruwe watatu wamefungwa miguu, wanapiga kelele juani.

"Papa," akamwambia mume wangu, "maba, hapana maba, miye sijui. Nguruwe yangu iko inakufa na jua. Shusha batoto ya mwenyewe tuende."

"Ndiyo, ashushe," wengine wakadakia. "Ashushe tuende. Mutu anatuchelewesha juu ya mambo ya muke wake."

Mume wangu akatazama Basoko, yaani akatazama maji yanapokwenda. Halafu akamnyanyua Exaucé kwa makwapa na kumshusha. Neema aliruka mwenyewe. Mume wangu pia akashuka, akaenda kusimama mbali kidogo na sisi, akiwa na furushi la nguo kichwani. Nikaachilia kamba.

Rachel alinigombeza sana kwa yale malengelenge ya kamba. Alikuwa na haki.

Ningependa kukuandikia kwamba siku ile ukweli wangu ulisikilizwa. Haukusikilizwa. Watoto wangu walirudishwa kwa sababu ya nguruwe watatu waliokuwa wanapata joto, na mimi, niliyeahidi kusema haki kwa kila mtu, ninawashukuru hapa kwa maandishi.